Wasanii Kufufua Mji Mdogo: Kabla ya Rangi, Ulizia Hati ya Ploti

Rafiki yangu mmoja mchoraji alikuwa na kijichumba chake cha kazi Majengo hapa Mombasa, siku moja akafunga virago akahamia Mazeras, mji mdogo nje ya Mombasa kwenye barabara ya Nairobi, akakodi duka bovu lililofungwa tangu enzi hizo, bati limetoboka, mlango umeliwa na mchwa, ndani popo. Kodi ilikuwa ya kuchekesha. Akapiga plasta mwenyewe, akaziba bati kwa lami, akatoboa dirisha sababu mchoraji bila mwanga ni kazi bure, alafu ukuta wa mbele akachora mama amekalia mbuzi akikuna nazi, mguu mmoja ameunyoosha, leso imemteleza begani, na ule unga wa nazi unavyomwagika kwenye sinia weupe kabisa utadhani wataka kuuchota. Wapita njia wakaanza kusimama. Watu wa magari ya Kaloleni wakishuka wapiga selfi. Mama wa mahamri akahamisha meza yake kutoka steji akaja kukaa pale pale chini ya ukuta, na pembeni yake akaja kijana wa madafu. Mwaka wa pili akaja mwenye duka, akasimama, akatazama, akasema mashallah kijana umefanya kazi nzuri, na kuanzia mwezi ujao kodi ni mara tatu.

Usiku ule jamaa alinipigia simu hata salamu hakutoa vizuri. N'kamwambia yakhe, hiyo kodi umeipandisha wewe, umeipandisha kwa brashi yako mwenyewe. Hakucheka.

Nimeanza na hicho kisa sababu siku hizi kila mahali utasikia watu wasema mji umelala, tuleteni wasanii, tuchore kuta, tufanye tamasha, mji utaamka. Na sababu ya kutafuta dawa ipo, si uongo. Tangu reli mpya ianze safari 2017 na baadaye makontena yakalazimishwa kupanda treni (2019 watu waliandamana hapa Mombasa kwa ajili hiyo hiyo, na 2022 amri ikaondolewa), miji iliyokuwa ikiishi kwa malori ya barabara ya Nairobi imepungukiwa na pumzi, Mariakani, Mtito Andei, zile hoteli za ugali nyama, vyumba vya kulala madereva, mafundi wa tairi. Upande wa Kwale nako mgodi wa titani umemaliza kuchimba Desemba 2024. Kwa hivo mji mdogo unajipapasa mifukoni, una nini cha kuuza? Majumba matupu, hewa nzuri, utulivu. Na kuna aina moja ya mtu anayevitaka hivo vyote vitatu kwa pamoja, naye ni msanii.

Hapa kwetu ukisema msanii mtu afikiria mwimbaji. Mimi nasema wachoraji, wachongaji, mafundi wa ufinyanzi, washonaji wa vitambaa, watu wa kazi za mkono. Kibiashara huyu mtu ni kiumbe wa ajabu kidogo: ataka nafasi kubwa na pesa hana. Mchongaji apiga tindo tangu alfajiri na vumbi lake laingia kwenye chai ya jirani, mchoraji ana turubai za mita tatu, wote wawili wakipanga chumba cha kawaida mjini mwezi haushi hawajafukuzwa. Alafu, tofauti na mwenye duka la sukari, hahitaji mteja apite mlangoni kila saa, akiuza vipande vitatu vikubwa kwa mwezi amekula. Ndo maana anaweza kuhama pale ambapo benki na supamaketi hazithubutu. Anachohitaji ni stima isiyokatika ovyo, intaneti ya kutuma picha za kazi, barabara ya kusafirishia mzigo bila kuvunjika, na watu ambao hawatamwuliza kila siku kama ana kazi ya maana.

Basi akija yeye, jengo bovu lapata paa, paa likikaa laja duka la kahawa, duka likikaa waja wageni wa wikendi, na hapo ndo pana fundo la mambo yote. Thamani aliyoitengeneza haibaki kwenye brashi yake. Inashuka chini, inaingia ardhini, na anayeivuna ni mwenye ardhi. Mkishaelewa hilo mtajua mbona mji mmoja wafaulu na mwingine wafukuza wale wale waliouamsha.

Tuchukue Paducah, jimbo la Kentucky, Marekani. Si kijiji, ni mji wa watu kama elfu 27 hivi kando ya mto Ohio. Walikuwa na mtaa mmoja mkongwe waitwa LowerTown, majumba ya zamani mazuri yameoza, mengi ya kupangisha na wenyewe hawajali. Mwaka 2000 mji ukatangaza: msanii yeyote njoo. Lakini tazama walichompa, hawakumpa ukuta achore. Walimpa nyumba iwe yake, nyingine ziliuzwa kwa dola moja, na benki ya pale pale mjini ikakubali kumkopesha mpaka mara tatu ya thamani ya ile nyumba. Mara tatu! Benki ya kawaida ikiona nyumba mbovu yakopesha chini ya thamani, hawa walikopesha kupita thamani, nyumba ipate kutengenezwa. Na sheria za mtaa zikalegezwa mtu aweze kulala juu na kuuza kazi chini bila kusumbuliwa na vibali viwili viwili. Zaidi ya wasanii 70 walihamia. Wengine baadaye waliondoka, si kila mtu ana bahati ya biashara, lakini aliyeondoka aliuza nyumba yake mwenyewe, bei ikipanda ni yake. Mwaka 2013 UNESCO ikauweka ule mji kwenye orodha ya miji bunifu kwa ajili ya kazi za mikono.

Sasa geuka utazame Marfa, Texas, jangwani, watu hawafiki hata elfu 2. Mchongaji Donald Judd alihamia huko miaka ya sabini mwanzoni, ameichoka New York, akanunua majengo moja baada ya jingine mpaka kambi ya zamani ya jeshi, na 1986 taasisi yake ya Chinati ikafungua milango. Leo watu wasafiri kutoka dunia nzima kwenda kutazama masanduku yake ya alumini. Yeye alikuwa mnunuzi, kwa hivo yeye hakuhamishwa na mtu. Waliopata joto ni wenyeji, wengi wao familia za asili ya Mexico wanaoishi nyumba za matofali mabichi ya udongo. Zile nyumba zilikuwa alama ya umaskini, mtu akipata pesa ajenga ya simiti. Wageni wenye pesa wakazipenda, zikawa fasheni, bei ikapanda, na 2017 wakadiriaji wa kodi wa kaunti wakaziweka nyumba za udongo kwenye daraja lao peke yake la thamani ya juu. Yani bibi ambaye hajauza, hataki kuuza, nyumba alirithi kwa babake, alipishwa kodi zaidi sababu jirani mgeni apenda udongo.

Mimi nikisoma hayo nafikiria nyumba zetu za fito na udongo na makuti juu. Siku zikiwa fasheni sijui nani atalia.

Lakini mfano unaotukaribia zaidi uko Afrika hii hii, Asilah, Morocco, mji mdogo wa Waislamu kando ya bahari, kuta nyeupe, vichochoro vyembamba, wavuvi, ukitembea wajihisi uko Lamu. Mwaka 1978 wenyeji wawili waliozaliwa pale, Mohamed Benaïssa na mchoraji Mohamed Melehi, waliwaita wasanii waje wachore kuta za mji mkongwe. Kilichowafanya wafaulu kwa maoni yangu si zile picha, picha zilififia na zikachorwa upya mwaka baada ya mwaka. Ni kwamba waliziunganisha na mambo ya choo na takataka na mawe ya njia. Mji ulikuwa mchafu, na ule msisimko wa tamasha ukatumika kusukuma mji ukarabatiwe, na Benaïssa mwenyewe akawa meya. 1989 wakapata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu wa majengo kwa ule ukarabati. Walikuwa watoto wa pale, mtu akikasirika ajua nyumba ya kugonga. Hata hivo nao hawakuepuka kabisa, nyumba nyingi za mji mkongwe leo ni za wageni wa kiangazi. Na hapa kwetu hatuna haja ya kwenda mbali, waulize watu wa Shela kule Lamu nyumba zilizonunuliwa na Wazungu hukaa na watu miezi mingapi kwa mwaka.

Kuna watu watakutajia Naoshima, kile kisiwa cha Japani cha watu kama elfu 3 chenye boga la njano la sanamu, kazi ya msanii Yayoi Kusama, kwenye gati (2021 kimbunga kililizoa likaenda na maji, 2022 likarudishwa). Sawa, pazuri, lakini nyuma yake kuna tajiri Soichiro Fukutake na kampuni yake ya Benesse, wamemwaga pesa tangu miaka ya themanini. Kaunti zetu hazina tajiri kama huyo. Kitu kimoja cha pale ndo nakipenda: 1998 walichukua nyumba kuukuu kijijini, msanii Tatsuo Miyajima akaweka ndani maji yenye taa za namba zinazohesabu, na spidi ya kila taa ilipangwa na mwanakijiji mmoja, watu 125, mdogo ana miaka 5 mkubwa 95. Mzee akipita aweza kumwonyesha mgeni ile pale yenda pole pole ndo yangu.

Haya, turudi pwani, na tuanze na swali ambalo watu wa tamasha hawaulizi: kwani huko vijijini wasanii hawapo? Historia yetu yenda kinyume kabisa na hii hadithi ya kuwaleta. Uchongaji wa Wakamba wajulikana ulianzia Wamunyu, Machakos, na Mutisya Munge aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akaja nao nyumbani. Je, wachongaji walibaki Wamunyu? Wengine walibaki, lakini wengi waliteremka Mombasa sababu hapa pana meli, watalii, mahoteli, na 1963 wakasajili ushirika wao pale Changamwe ambao upo mpaka kesho. Ukiingia pale utawaona wamekaa chini ya vibanda safu kwa safu, huyu afanya twiga tu, yule afanya kifaru tu, vumbi la mti limewapaka nyusi mpaka wafanana wote kama ndugu. Mpingo na muhugu zilikatwa sana zikawa adimu, siku hizi wengi wachonga mwarobaini na mwembe. Na mwarobaini wautoa wapi? Huko huko vijijini. Yani mti wapanda lori kutoka kijijini waja mjini, na mchongaji aliyetoka kijijini aukuta hapa.

Msanii afuata mnunuzi. Akikaa mbali na mnunuzi lazima kuwe na kitu kinachomfidia, ama malighafi, ama nyumba ya bure, ama vyote. Zimbabwe kuna mahali paitwa Tengenenge, wilaya ya Guruve, shamba la tumbaku la Tom Blomefield. Baada ya walowezi kujitangazia uhuru wao 1965 vikwazo vikaja, tumbaku haiuziki, na shambani mle mle kuna jiwe zuri la kuchonga. 1966 akaanza kuwaachia wafanyakazi wake wachonge, wengi watu wa kutoka Malawi, Angola, Msumbiji, watu waliokuwa wakivuna tumbaku jana. Hawakuletwa wasanii, waliokuwepo ndo waligeuka wasanii, na mawe yao yakafika makumbusho za Ulaya. Ndo maana kila nikipita Mazeras naguna kidogo. Jina la ule mji limesambaa Kenya nzima, mtu wa Nakuru ajua mazeras ni mawe ya kupanga kwenye ua wa nyumba, na sisi twayauza kwa lori yakiwa mabichi kama yalivyotoka ardhini. Sisemi ni jiwe la kuchonga sanamu, ni jiwe la kupasuka bapa, lakini hata kulikata vizuri na kulipanga kwa nakshi ni ufundi ambao fundi wa pale angelipwa yeye badala ya fundi wa Nairobi.

Alafu kuna utamaduni ambao si bidhaa. Rabai ni hatua chache kutoka Mazeras, pana makumbusho ya Krapf yule mmishonari, pana makaya, ile misitu mitakatifu ya wazee, ambayo UNESCO iliyatambua 2008 pamoja na makaya mengine ya Wamijikenda. Mtu wa mradi akifika ataona vigango, ile mbao ya kuchongwa ya ukumbusho wa mzee aliyefariki, atasema hii itauzika. Iliuzika kweli, vigango viliibwa vikauzwa Marekani miaka na miaka, na baadhi ya makumbusho za huko zimelazimika kurudisha. Kwa hivo mji ukitaka kualika wasanii lazima wazee wakae kwanza waseme hiki chauzwa, hiki chatazamwa tu, na hiki usikiguse. Ngoma za sherehe, ususi wa ukili, ufinyanzi, hayo mazungumzo ni mepesi. Kaya si mahali pa kwenda na spika.

Kuhusu tamasha nitasema kidogo tu. Tuseme wasanii kumi waishi mjini na kila mmoja atumia shilingi 1,000 kwa siku, chakula, boda, vocha, maji, fundi. Hiyo ni 300,000 kwa mwezi yazunguka mikononi mwa watu wale wale, kila mwezi. Tamasha la siku mbili huleta watu wengi, ni kweli, lakini wauza chakula wengi huja na mitungi yao ya gesi kutoka Mombasa na Jumapili jioni wamerudi na pesa zao, mji wabaki na chupa.

Sasa lile fundo. Mbona tusifanye kama Paducah, tugawe nyumba kwa shilingi mia? Sababu Paducah hati zilikuwa wazi, na pwani hati ndo ugonjwa wetu wa zamani. Sheria ya kusajili ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye dai ndani ya ule ukanda wa pwani wa maili kumi ajitokeze alete ushahidi, na watu wengi wa hapa hawakuwa na karatasi, wengine hata habari hawakupata, ardhi ikaandikwa ya serikali au ya wachache. Mpaka leo kuna familia zimezika wazee watatu kwenye shamba na mwenye hati yuko ughaibuni hajulikani sura. Hapa Mombasa kwenyewe tuna kitu ambacho mtu wa bara ukimweleza ashangaa: nyumba ni yako, umeijenga wewe, ardhi si yako, walipa kodi ya ardhi kila mwezi, na mwenye ardhi akitaka kuuza wewe ubebe mabati yako. Ukipeleka msanii akaongeze thamani mahali kama hapo bila kupanga chochote, umempelekea mwenye hati zawadi, na mwenyeji umemsogezea siku ya kuhamishwa.

Kwa hivo kazi ya kwanza ni ya karatasi, na yachosha, hakuna atakayeipiga picha. Kaunti ina majengo yake yaliyokaa bure, gala za zamani, nyumba za watumishi, masoko yaliyojengwa yakakosa wauzaji. Utamaduni ni kazi ya kaunti kwa Katiba ya 2010, si hisani. Majengo ya umma yapangishwe kwa kikundi cha wenyeji na wasanii kwa pamoja, miaka kumi au zaidi, kodi iandikwe itapanda kiasi gani na lini. Ya watu binafsi, mkataba wa maandishi kabla ya kununua hata kopo moja la rangi. Na hili wengi hawalijui: duka likikodiwa bila mkataba wa maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka mitano, kuna sheria yaitwa Cap 301, mwenye nyumba hawezi kuamka tu akapandisha kodi au kukutoa, lazima akupe notisi rasmi ya miezi miwili au zaidi, na wewe una haki ya kwenda kulalamika kwenye mahakama ndogo ya kodi za nyumba za biashara kabla hiyo notisi haijaanza kufanya kazi. Ukiuza picha ndani, ukichora mabango ya watu kwa pesa, hilo ni duka.

Rafiki yangu hakulijua hilo, mimi pia sikulijua mpaka nilipomuuliza binamu yangu anayefanya kazi kwa wakili. Jamaa akarudi kwa mwenye duka, hakwenda na ubishi, alikwenda na kahawa na halua, wakakaa kibarazani. Mzee naye ana yake, ana wajukuu wanne wa kusomesha na lile duka ndo pensheni yake, miaka yote limekaa tupu hakuna aliyemsaidia. Wakazungumza mpaka Magharibi. Wamekubaliana miaka sita, kodi yapanda kidogo kila baada ya miaka miwili, gharama ya bati imekatwa kwenye kodi ya mwaka wa kwanza, na mzee ameongeza sharti lake moja, mjukuu wake wa pili afundishwe kuandika mabango. Karatasi iko kwa wakili.

N'kamuuliza, na mama wa mahamri je? Sababu meza yake iko kwenye ploti ile ile, na wateja wake nao walikuja kwa ajili ya ukuta. Akanyamaza kidogo. Alafu akasema ngoja, kesho namfuata mzee tena kabla hajaweka sahihi.